Pesa Uliyompa Ndugu Yako Ilikuwa Nini? Mwongozo wa Kuwekeza na Kutafuta Mtaji wa Biashara Changa

Mwaka 2017 nilimpa mtoto wa mama mdogo wangu shilingi 180,000. Zilikuwa pesa taslimu ndani ya bahasha ya kaki. Ilikuwa baada ya swala ya Maghrib, sebuleni kwao, na mama yake amekaa palepale akishona kofia. Kijana alikuwa ameanza kununua samaki kwa wavuvi, kuwasafisha, kuwafunga vizuri na kuwatuma Nairobi kwa wateja walioagiza kwa WhatsApp. Alihitaji friza mbili na pesa za kuzungusha.

"Kaka, usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Mungu akijaalia faida, tutagawana." Mama yake akaitikia amin. Tukanywa kahawa, nikaenda zangu.

Miaka miwili baadaye biashara ilikuwa imeshika. Akatokea mtu wa Nairobi aliyetaka kuweka milioni mbili. Swali lake la kwanza lilikuwa: nani anamiliki hii biashara? Mdogo wangu akajibu kwamba ni yeye peke yake. Habari iliponifikia nikasema ni mimi na yeye, nusu kwa nusu. Yeye zile 180,000 alizihesabu kuwa deni, na alikuwa tayari kunirudishia zote. Mimi nilizihesabu kuwa nusu ya biashara, kwa sababu siku ile hapakuwa na pesa nyingine yoyote. Hakuna kati yetu aliyesema uongo. Yule mwekezaji aliposikia kuna mvutano, akarudi kwao. Biashara ikafa mwaka uliofuata, na sisi tukabaki kupeana mkono msikitini bila kuangaliana. Mama mdogo alifariki tukiwa katika hali hiyo.

Na mimi ndiye mwenye diploma ya uhasibu. Nilipaswa kuwa wa kwanza kuuliza.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kila wiki naulizwa mambo ya kampuni chipukizi, wawekezaji na hisa, na vijana wetu wana fikra nzuri kweli. Ila naona wengi wanakimbilia kutafuta mwekezaji wa mbali kabla hawajajua pesa ya ndugu waliyokwisha kuitumia ilikuwa pesa ya namna gani.

Pesa ina majina matatu

Pesa inayoingia katika biashara changa kutoka kwa mtu huwa ni moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni zawadi. Imetoka, hairudi, na aliyetoa hana sehemu katika biashara.

La pili ni karadha, yaani deni. Inarudi kama ilivyotoka. Biashara ikistawi, mkopeshaji hadai nyongeza. Biashara ikifa, deni liko palepale.

La tatu ni ubia. Hapa umenunua kipande cha biashara. Ikikua, kipande chako kinakua. Ikifa, pesa yako imekufa nayo, na humdai mtu.

Maradhi yetu ni kwamba mtoaji hutoa akiwa na majina mawili kichwani: ikipata faida ulikuwa ubia, ikipata hasara lilikuwa deni. Mpokeaji naye ana yake: ikipata faida lilikuwa deni, ikifa ilikuwa zawadi. Hakuna sheria ya dini wala ya nchi inayokubali jina kubadilishwa baada ya matokeo kujulikana. Jina hupewa pesa siku inapotoka mkononi.

Jambo hili si geni kwetu

Nenda kwenye bandari yoyote ya wavuvi, Lamu hadi Vanga, uone samaki wanavyogawanywa. Hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la mabaharia. Kila mtu anajua fungu lake kabla nanga haijang'olewa. Huo ni mkataba wa hisa, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo.

Kwa Waislamu kuna mfano mkubwa zaidi. Bibi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara aliyetoa mali yake kwa watu wakaifanyie biashara kwa makubaliano, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisafiri na mali yake hadi Sham kabla ya kupewa utume. Mmoja alitoa mtaji, mwingine akatoa kazi na uaminifu.

Kampuni chipukizi ni biashara gani?

Duka la rejareja mtaani ni biashara njema, lakini hukua polepole, na mwenyewe anajua tangu mwezi wa kwanza faida itatoka wapi. Kampuni chipukizi ni ile inayojaribu jambo ambalo bado halina uhakika, lakini likikubali linaweza kufikia watu wengi kwa muda mfupi. Ndiyo maana huhitaji pesa ya mtu aliye tayari kuikosa.

Chukua M-Pesa. Leo tunaiona kama maji ya bomba. Kabla haijazinduliwa na Safaricom mwaka 2007, lilikuwa jaribio tu. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya maendeleo ya kimataifa, ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kinacholingana nacho. Hata kampuni kubwa kiasi hicho ilitaka mwenzake wa kubeba naye hatari ya mwanzo.

Ngazi za pesa

Pesa za biashara changa huja kwa ngazi. Anayeruka ngazi mara nyingi huanguka.

Ngazi ya kwanza ni mfuko wako mwenyewe na pesa ya mteja. Mteja anayelipa nusu kabla ya kuletewa bidhaa anakupa mtaji usio na riba na usiokula hisa zako. Ianze hapo kila inapowezekana.

Ngazi ya pili ni jamaa na marafiki, pamoja na ndugu zetu walioko Oman, Dubai na kwingineko. Hawa ndio wawekezaji wakubwa wa kwanza wa Pwani, ingawa hawajiiti hivyo.

Ngazi ya tatu ni ruzuku na mashindano. Tony Elumelu Foundation ya Nigeria hutoa dola 5,000 zisizorudishwa kwa wajasiriamali wa Afrika wanaochaguliwa baada ya kuomba na kupita mafunzo. Hapa Mombasa, Swahilipot Hub iliyo Mji wa Kale karibu na Fort Jesus imekuwa mahali pa vijana kujifunza teknolojia na ujasiriamali na kukutana na wenye fursa za namna hii. Ruzuku haichukui kipande chako, ila huchukua muda wako: fomu, ripoti, risiti.

Ngazi ya nne ni mifuko ya serikali. Uwezo Fund, iliyozinduliwa mwaka 2013, iliwekwa kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu, kwa mikopo isiyo na riba yenye ada ya usimamizi ya asilimia 3 mara moja. Hustler Fund ilizinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na mikopo ya mtu binafsi ilianzia shilingi 500. Asilimia 8 ni rahisi ukilinganisha na mikopo ya simu, lakini jina lake bado ni riba, na kila Muislamu anajua pa kusimama.

Ngazi ya tano ni benki. Tangu 2008 Kenya ina benki kamili zinazofuata sharia, na kwa biashara changa huduma inayofaa aghalabu ni murabaha: benki inanunua kifaa, mathalan friza au mashine, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, ukilipa kwa awamu. Lakini benki hutaka dhamana na rekodi za mauzo. Fikra peke yake haipati murabaha.

Ngazi ya sita ni wawekezaji binafsi: mtu mwenye uwezo anayeweka pesa yake mwenyewe kwa hisa. Mwekezaji mzuri wa ngazi hii huja na ujuzi na watu anaowajua. Mwenye kiwanda cha barafu akiwekeza katika biashara ya samaki, ushauri wake huenda ukazidi hundi yake.

Ngazi ya saba ni mifuko mikubwa ya uwekezaji. Hii hukusanya pesa za watu wengine na kwa kawaida ina takriban miaka kumi ya kuzirudisha pamoja na faida. Kwa kuwa nyingi ya kampuni wanazoingia hazifiki mbali, hutaka kila moja iwe na uwezo wa kukua mara kumi, mara ishirini au zaidi. Biashara yako ikiwa ya kulisha familia tano vizuri, hiyo ni neema, lakini si biashara ya mfuko wa namna hii, wala usione haya.

Tena pesa nyingi si tiba. Kune, kampuni ya chakula kilichopikwa ya Nairobi, ilipata dola milioni moja mwaka 2021 ikafunga Juni 2022, sahani ikiwa inauzwa kwa bei isiyobeba gharama. Copia, iliyopeleka bidhaa vijijini kupitia mawakala, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka, na Mei 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi. Ukiuza mahamri kwa hasara ya shilingi mbili kila moja, kuuza milioni moja ni kupoteza milioni mbili.

Hesabu ya hisa, polepole

Tuseme binti wa Kisauni ana programu ya simu inayounganisha wenye tuktuk na wafanyabiashara wa soko la Kongowea. Anahitaji shilingi 500,000, naye anakupa asilimia 20 ya kampuni.

Ikiwa asilimia 20 ni 500,000, kampuni nzima ni 2,500,000. Hiyo ndiyo thamani baada ya pesa yako kuingia. Toa pesa yako, inabaki 2,000,000, na hiyo ni thamani kabla. Hapa ndipo pa kumuuliza: binti yangu, hizo milioni mbili zinatoka wapi? Una wateja wangapi wanaolipa? Akijibu kwa hesabu, endeleeni. Akijibu kwa ndoto, punguzeni thamani.

Mwaka mmoja baadaye anakuja mwekezaji wa pili na 1,500,000 kwa asilimia 20. Hisa mpya zinatengenezwa kwa ajili yake, kwa hivyo za zamani zinazimuliwa kama tui linavyozimuliwa kwa maji. Asilimia 20 yako inakuwa 16. Ya binti, iliyokuwa 80, inakuwa 64. Wengi hapa hupiga kelele kwamba wameibiwa. Hesabu tena: kampuni sasa ni 7,500,000, na asilimia 16 yake ni 1,200,000. Kipande kimepungua upana lakini kimeongezeka thamani. Cha kuogopa ni kuzimuliwa thamani ya kampuni ikiwa imeshuka, au kuzimuliwa bila kuambiwa. Kwa hiyo mkataba useme: hisa mpya hazitolewi bila wewe kujulishwa, na una haki ya kununua sehemu yako katika hizo mpya ili usipungue.

Jambo jingine ni waanzilishi wenyewe. Vijana watatu wakigawana kampuni sawa kwa sawa, mmoja akapata kazi Qatar mwezi wa nne, ataondoka na theluthi ya kampuni mfukoni? Desturi ya kampuni chipukizi duniani ni kwamba hisa za mwanzilishi huchumwa kwa kazi, kwa kawaida miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka mmoja hachukui kitu. Liandikeni hili wakati bado mnapendana.

Na kama hamwezi kukubaliana thamani mapema? Mwaka 2013 Y Combinator ya Marekani, inayolea kampuni chipukizi, ilitoa mkataba mfupi uitwao SAFE: mwekezaji anatoa pesa leo, na hisa zake zitahesabiwa siku mwekezaji mkubwa atakapoweka bei. Hauna riba wala tarehe ya kulipa. Dada yake wa zamani, deni linalogeuka hisa, kwa kawaida hubeba riba, kwa hiyo soma kila mstari. Hata huo SAFE, kwa kuwa hujui utapata hisa ngapi, mwonyeshe sheikh anayejua fiqhi ya biashara kabla ya kutia sahihi.

Sharia inasemaje

Njia mbili ndizo zinazotufaa zaidi.

Mudharaba: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi. Faida hugawanywa kwa fungu lililokubaliwa mwanzo, kama 60 kwa 40. Mathalan mtaji ni 400,000 na faida ni 120,000: mfanyakazi akiwa na 60, anachukua 72,000 na mwenye mali 48,000 pamoja na mtaji wake. Ikipatikana hasara ya 100,000, mwenye mali anarudishiwa 300,000, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Hadaiwi, ila akiwa amefanya uzembe, hiana, au amekwenda kinyume na mapatano.

Musharaka: wote wanatia mali. Hasara hubebwa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja, na katika hili wanazuoni wamekubaliana. Katika faida kuna tofauti. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali huruhusu mapatano ya fungu lisilolingana na mtaji, na sisi Mashafii hushikilia kwamba faida nayo ifuate mtaji. Kwa hiyo ukiona mkataba wa ubia ulioandikwa kwingine, usiuchukue mzimamzima. Uliza.

Kisichokubalika katika zote mbili ni ahadi ya kiwango maalumu: nipe 100,000, kila mwezi nitakupa 5,000 iwe jua iwe mvua. Hapo mtaji umegeuka deni na faida imegeuka riba, hata ikiitwa "shukrani".

Na kuandika? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Sisi tunaisoma misikitini, kisha tunaona aibu kumwambia binamu, "Tuandike."

Nchi inasemaje

Wengi huandikisha jina la biashara tu, wakadhani wana kampuni. Jina la biashara ni wewe mwenyewe kwa jina lingine. Halina hisa za kuuza. Ubia wa kawaida wa watu wawili una hatari yake: madeni ya biashara yanaweza kufuata mali ya kila mbia hadi nyumbani. Kampuni binafsi yenye dhima ya kikomo ni mtu wa kisheria peke yake, ina hisa, na mwenye hisa kwa kawaida hapotezi zaidi ya alichoweka.

Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja kuandikisha kampuni, na maombi hufanywa kupitia eCitizen. Kampuni binafsi haizidi wanachama 50, wala haiuzi hisa kwa umma. Kwa hivyo chama cha watu 70 kisiingie mmojammoja. Kitafute wakili kiingie kama chombo kimoja. Ukitaka kujua nani ndiye mkurugenzi na nani ana hisa ngapi, omba hati ya CR12. Jina lako lisipokuwa ndani ya CR12, maneno ya sebuleni hayatakusaidia sana. Nililijua hilo kazini kwangu kwa miaka. Sikulikumbuka kwa mama mdogo.

Kumbuka na kodi: tangu Januari 2023, faida ya kuuza hisa za kampuni binafsi inatozwa asilimia 15, kutoka 5 ya awali.

Ukiwa mtoaji

Toa pesa ambayo ikipotea, ada ya shule na kodi ya nyumba hazitatikisika. Usiuze kiwanja cha mirathi kwa ajili ya programu ya simu ya mtu.

Usiweke zote kwa mmoja. Mwenye 300,000 ni afadhali aingie kwa vijana watatu kwa miaka mitatu kuliko kwa mmoja kwa usiku mmoja. Biashara changa nyingi hufa, na moja inayosimama ndiyo inayofidia.

Nenda ukaone. Keti dukani kutwa nzima, hesabu wateja, uliza wavuvi kama wanalipwa kwa wakati, tazama taarifa ya Till ya miezi sita. Mtu asiyetaka ukae, amekujibu.

Uliza pesa itakwisha lini. Mwenye 500,000 anayetumia 60,000 kwa mwezi ana miezi minane na siku chache. Je, kufikia hapo atakuwa amefika wapi?

Kisha mwache afanye kazi. Asilimia 10 haikupi haki ya kumpigia simu saa sita za usiku, wala ya kuchukua samaki bure siku ya Ijumaa.

Ukiwa mtafutaji

Tenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani leo hii: Till au akaunti yake, daftari lake. Ukiuza kwa namba yako ya simu inayopokea pia michango ya harusi, hakuna atakayeweza kukuamini, hata wewe mwenyewe.

Jua namba tano bila kutazama simu: unauza kiasi gani kwa mwezi, unabaki na nini katika kila bidhaa, unatumia kiasi gani kwa mwezi, umebakiwa na miezi mingapi, na wateja wangapi wamerudi mara ya pili.

Omba kiasi kinachokufikisha mahali fulani panapoonekana. "Nataka milioni moja nikuze biashara" ni dua. "Nataka 350,000 ninunue friza mbili na kuajiri mtu mmoja, nifikishe maagizo 200 kwa mwezi kabla ya Ramadhani" ni ombi.

Usigawe hisa kama peremende. Ukimpa rafiki asilimia 30 kwa kukutengenezea nembo, na mjomba 30 kwa kukupa chumba, mwekezaji wa kweli atakuta huna cha kusimamia.

Na habari mbaya ziende mapema. Friza ikiharibika, mwenye pesa asikie kwako, si barazani.

Jihadhari na hawa

Miradi ya piramidi kama DECI ilipoporomoka mwaka 2007, Wakenya wengi walipoteza akiba zao. Sura imebadilika, sasa ni programu za simu na makundi ya Telegram, lakini dalili ni zilezile: faida isiyopanda wala kushuka, haraka ya "leo tu", malipo ya kuleta watu wapya, na biashara yenyewe haielezeki kwa sentensi mbili. Anayekusanya pesa za umma kwa uwekezaji anatakiwa awe na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kanzu na tasbihi si idhini.

Karatasi moja

Kwa pesa za ndugu, kabla hamjafika kwa wakili, karatasi moja inatosha kuanzia. Iwe na mambo haya:

1. Majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe, na kiasi cha pesa kwa tarakimu na kwa maneno.
2. Jina la pesa: zawadi, karadha, mudharaba au hisa. Chagueni moja.
3. Kama ni karadha, itarudi lini na kwa awamu gani. Kama ni mudharaba au hisa, asilimia ngapi, na faida itahesabiwa lini.
4. Mwenye kazi atachukua mshahara? Kiasi gani?
5. Pesa itatumika kwa nini, na kwa nini isitumike.
6. Akija mwekezaji mwingine, itakuwaje.
7. Mmoja akitaka kutoka, atauza kwa nani, kwa bei itakayopatikana vipi.
8. Mmoja akifariki, warithi wake wana nini. Hisa ni mirathi na deni ni deni. Mjane asilazimike kukisia.
9. Mkigombana, nani atawasuluhisha kabla ya mahakama.
10. Sahihi zenu na za mashahidi wawili. Nakala kwa kila mmoja.

Kiasi kikiwa kikubwa, ipelekeni kwa wakili. Ada yake ni ndogo kuliko kesi, na kesi ni ndogo kuliko kukosana na damu yako.

Mimi na mdogo wangu tulianza kuzungumza tena kwenye hitima ya mama yake. Ilichukua muda. Mwaka huu alikuja nyumbani na jambo jipya, barafu kwa wavuvi, na kabla sijamkaribisha vizuri akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa mkono: 120,000, asilimia 10, mambo yote kumi, na la nane ameliweka la kwanza. Niliisoma mara mbili. Nikamuuliza barafu itakuwaje umeme ukipotea siku mbili, akanionyesha hesabu ya jenereta. Tukawaita jirani wawili wakashuhudia, tukatia sahihi. Ndipo kahawa ikaletwa.